Neno la Mwisho la Idi, Kutoka Tuva Mpaka Kidete

Tangu nirudi Mikumi kila ninayekutana naye ananiuliza, "Mwalimu, ilikuwaje?" Sokoni nimejibu nusu, ofisini robo, na kwenye simu sikujibu kabisa, maana kuna habari hazitaki kusimuliwa umesimama na kikapu mkononi. Basi kaeni. Nawaandikia yote kwa mara moja, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza huku.

Kwa wasiojua mwanzo wake: mdogo wangu Idi alikwenda Urusi kusomea udaktari wa mifugo. Alimaliza, lakini hakurudi. Alimfuata mwanamke aitwaye Choduraa mpaka kwao Tuva, kusini mwa Siberia, nchi ya milima na wafugaji iliyopakana na Mongolia. Huko akatibu kondoo, ng'ombe na farasi, akamwoa Choduraa, akaishi kwa lugha yao hadi mapafu yalipomwangusha. Walimzika huko huko. Sisi kwetu Kidete tulisoma hitima bila maiti na bila kaburi.

Baadaye Choduraa alituandikia kwamba Idi, kabla ya kukata roho, alisema jambo moja kwa Kituva. Simu ikatutafsiria: "Alisema anapanda." Mama akauliza, "Anapanda nini?" Nani angemjibu? Mkulima akiambiwa mwanawe anapanda, huwaza mahindi, na Mama ni mkulima. Kila nilipokwenda kumsalimu alirudia swali lile lile. Alipanda nini, na alikuwa anampandia nani? Mimi nilijua anachotaka hasa. Alitaka kujua kama mwanawe alimkumbuka.

Ndipo nikaanza kujifunza Kituva, katika umri huu, nikiwa mwalimu wa Kiswahili niliyezoea kusahihisha wengine. Msinicheke. Masomo niliyoyapata kwenye simu yalielezwa kwa Kirusi, nisichokijua, kwa hiyo nilikuwa nateka maji kwa pakacha. Aliyenisaidia ni Choduraa mwenyewe, kwa kunitumia sauti yake kila jioni. Aliniambia Kituva ni ndugu wa mbali wa Kituruki, kwamba kimeazima mengi kwa Wamongolia na sasa kinaazima kwa Warusi, na kwamba wanaokizungumza wapo pia Mongolia na China. Zamani kidogo kiliandikwa kwa herufi kama hizi zetu, kisha zikaja za Kirusi, na chache zimeongezwa kwa sauti ambazo Warusi hawana. Nilipoona irabu zao zinafuatana ndani ya neno nilifurahi, maana na sisi husema pika, pikia, lakini soma, somea. Nikajiona nimefika. Kumbe kuna irabu zinazoshukia kooni. "At" ni jina, lakini ukiishusha kooni ni farasi. Mazoezi yangu yote ya kumuuliza mtu jina lake yalikuwa ya kumuuliza farasi wake ni nani, na Choduraa, kwa adabu ya kwao, alikuwa ananijibu tu.

Habari za viza na tiketi nawaachia wanaozipenda. Choduraa alikuja kwetu wakati wa masika.

Uwanja wa ndege mpaka Morogoro

Alitoka mlangoni amevaa koti zito, mwanamke mfupi mwenye uso mpana na macho yaliyochoka. Aliponiona alinyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu. Nikadhani anataka kunipokea mzigo, nikamwekea mikononi kapu langu la machungwa. Akalipokea, akalitazama, akaliweka chini, akanyoosha mikono tena. Safari hii aliipitisha chini ya mikono yangu, akanishika viwiko kana kwamba anazuia nisianguke. Kwao mdogo humsalimu mkubwa hivyo, kuonyesha kwamba atamwegemeza. Mimi ni dada wa mumewe, kwa hiyo ni mkubwa wake. Nililia pale pale mbele ya madereva teksi.

Ndani ya basi nilimfundisha neno moja la ukoo. "Mimi kwako ni wifi. Na wewe kwangu ni wifi." Alilipenda, akalirudia mpaka Chalinze.

Morogoro tulilala nyumba ya wageni. Nikatoka kutafuta chakula, naye akatoka kuoga asinione. Akamwendea dada wa mapokezi, akauliza kwa Kiswahili chake kipya, "Wifi?" Yule dada, bila kuinua macho kwenye simu, akamjibu, "Wifi hakuna, mama. Imekatika tangu jana."

Sasa, kwao mtandao huitwa kwa matamshi mengine kabisa, wala hakujua kwamba kwetu neno ni moja. "Hakuna" alilijua. Nilirudi na chipsi mayai mkononi, nikamkuta barabarani peku, nywele zinachuruzika maji, anasimamisha watu na kuwauliza, "Wifi? Wifi?" Watu walicheka, na nyie mkitaka chekeni. Mimi sikuweza, kwa sababu nilimwona usoni. Yule alikuwa mtu aliyekwisha kuambiwa "hakuna" mara moja maishani, tena na watu wa hospitali.

Kukatiza mbuga mpaka Mikumi

Mnaijua hiyo barabara, sina la kuwaelezea. Basi lilipunguza mwendo, tembo walikuwa kando wanakula, na mbele zaidi twiga na pundamilia. Choduraa hakupiga picha. Aliangalia kwa makini kama mnunuzi mnadani, kisha akauliza, "Wa nani hawa?" Nikasema si wa mtu. Akauliza nani anawachunga. Nikasema hakuna. Nani anawaita jioni? Hakuna. Akawaonea huruma mpaka tukatoka mbugani.

Kwangu alikaa siku chache apumzike. Asubuhi ya kwanza aliamka kabla yangu, akapika chai ya maziwa, akaitia chumvi. Jirani yangu Mama Neema alikuwa amekuja kumwona mgeni. Akanywa fundo moja, akanitazama, akanong'ona, "Mwalimu, mgeni kakosea mkebe." Nikamwambia hajakosea, ndiyo chai yao. Akaimaliza yote kwa heshima, halafu akaenda kwake kunywa nyingine.

Jioni tulikaa nje tukaongea, kwa Kituva changu kinachochechemea. Nilimuuliza kama watoto wao wanakizungumza. Alisema vijijini ndiyo, tena sana, ila mjini mama anasema kwa Kituva na mtoto anajibu kwa Kirusi. Wengine wazima sasa wanarudi kujifunza lugha ya mama zao kwa simu, kama mimi mgeni wa Mikumi. Akaniuliza, "Na mama yako?" Nikamweleza kwamba Mama na wenzake wa rika lake huongea Kisagara. "Na wewe unamjibuje?" Nikasema, "Kwa Kiswahili." Aliniongezea chai.

Mikumi mpaka Zombo

Tulipanda gari dogo la kwenda Kilosa. Mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wa huko mnaujua unavyonata. Karibu na Zombo gari likazama tope mpaka mlangoni. Dereva akavua viatu, akatazama tairi, akasema, "Abiria, tushukeni tu. Hapa ni kuomba Mungu na trekta." Trekta lilikuwa kwenye shamba la mbali. Likafuatwa kwa pikipiki.

Tukapiga hodi kwenye mji wa wafugaji wa Kisukuma. Watoto wakaja mbio, wakamwinamia Choduraa, "Shikamoo!" Naye, kwa moyo wote, akawajibu, "Shikamoo!" Watoto wakatawanyika kama vifaranga, maana mkubwa kumwamkia mtoto si jambo dogo. Kisha akatoka babu wa mji, na Choduraa akitaka kujisahihisha akamwahi kwa sauti, "Marahaba!" Babu akasimama. Nikatamani ardhi inimeze.

"Mwanangu," babu akaniuliza taratibu, "huyu mgeni nimemwamkia saa ngapi?"

Nikaomba radhi kwa niaba yake. Babu akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Tukaletewa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa mgando. Choduraa alikunywa yale maziwa akiwa amefumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu aje niliona mabega yake yameshuka.

Bibi wa mji alikuwa na shida zizini. Ng'ombe aliyezaa mara ya kwanza alikuwa anamkataa ndama wake. Choduraa alipoelewa, akaomba aingie. Wafugaji wa kwao wana nyimbo za kumbembeleza mama anayekataa mtoto, na kila aina ya mnyama ina wimbo wake. Akachuchumaa, akaimba taratibu, "Höög, höög," sauti inayopanda na kushuka kifuani. Ng'ombe akamsikiliza kidogo, kisha akapiga teke ndoo ikaruka.

"Mwambie ng'ombe wangu hajui Kirusi," bibi akasema.

"Si Kirusi, bibi. Ni Kituva."

"Hata hicho hajakisoma."

Akaingia mwenyewe, akampaka ndama chumvi mgongoni, akamwimbia mama yake kwa Kisukuma. Ng'ombe akaanza kulamba. Choduraa alikuwa ameegemea mti wa zizi, machozi yanamtoka. Aliniambia Idi alikuwa akiimba wimbo ule wa kwao kila alipozalisha ng'ombe, na aliuimba vibaya, lakini maneno hakukosea hata moja. "Lugha yetu hakuikosea," alisema. "Mara moja tu aliikosea. Ile ya mwisho." Nilitaka kumuuliza zaidi, ila trekta lilikuwa limefika na dereva anapiga honi.

Kilosa

Tuliingia Kilosa tumepakaa tope kama wafinyanzi. Treni ya kwenda Kidete ilikuwa haijulikani itapita lini, kwa sababu maji yalikuwa yamepanda njiani na mafundi walikuwa wanakagua reli. Tukangoja. Mama muuza karanga pale stesheni alitufariji kwamba treni haijawahi kukosa kuja, inakosa tu kufika kwa wakati.

Siku iliyofuata ikasemekana kesho ipo. Tukashuka kutembea kando ya mto Mkondoa. Nilitaka kumpigia Mama simu, na nilitaka pia nijisifu kidogo, kwa hiyo nikamwambia Choduraa, "Nifundishe kusema: kesho tunakwenda Kidete."

Akauliza, "Huu mto unatoka wapi?"

Nikasema sikuuliza habari za mto, nimeuliza habari za kwenda. Akatabasamu kwa uvumilivu, ule ninaowaonyesha mimi wanafunzi wa kidato cha kwanza. Akanieleza kwamba kwa Kituva mtu haendi hivi hivi. Kuelekea kule maji yanakotoka ni kitenzi kimoja. Kufuata maji yanakokwenda ni kingine. Kuvuka ni kingine tena. Kipo cha jumla, lakini nyumbani mtu akikitumia huonekana hajui amesimama wapi.

Kulikuwa na kijana anaosha bodaboda yake ukingoni. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, Mkondoa unatokea upande gani?"

"Shikamoo mama. Si unatokea huko Kidete? Huku ndiyo unashuka."

Nikamfasiria. Choduraa akageuka kuelekea Kidete, akanyoosha mkono, na kuanza kunitamkia sentensi yangu kama mwalimu anavyotamka imla. "Daarta choktaar bis. Kesho tutapanda..."

Akakatika. Mkono ukabaki hewani.

Nikamuuliza ana nini. Alirudia kitenzi peke yake, kwa sauti ndogo, na mara hii kama kinavyosemwa na mtu mmoja: "Choktaar men." Nitapanda mto. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya Idi. Yale ambayo simu yetu ilifupisha ikasema "anapanda," na Mama akalima shamba zima juu yake.

Tukakaa kwenye majani. Alinisimulia polepole, akirudia pale niliposhindwa. Hospitali ilikuwa Kyzyl, mji wao mkuu. Kijiji chao kiko chini zaidi, mto uendako. Mtu anayetoka hospitali kwenda nyumbani kwao hushuka, hata mtoto mdogo hakosei hilo. Idi alipofumbua macho na kusema, "Nitapanda mto," Choduraa alimsahihisha. Alimwambia, "Utashuka, baba. Nyumbani tunashuka." Idi akatikisa kichwa, akarudia, "Choktaar men." Hakusema tena. Ndugu walisema ni homa, akili imemtoka. Naye akakubali kuwa mumewe alikufa amepotea njia, katika lugha aliyokuwa ameijua vizuri kuliko wageni wote. Jambo hilo lilimuumiza kuliko kaburi.

"Hakukosea," alisema, akitazama maji. Uso wake uling'aa kidogo, kisha nuru ile ikazimika, nikaona wazo la pili linamfikia. "Hakuwa anakuja kwangu."

Kwa Kiswahili maneno ya kumfariji ninayo mengi, hata ya kugawa. Kwa Kituva sikuwa na hata moja. Nikamshika mkono. Baadaye nikamwambia, "Wifi, Mama hajui kitu. Tunaweza kumwambia alikuwa anapanda mahindi. Atafurahi, nawe utabaki na chako." Nilimaanisha. Sikuja kumvua mjane kitu cha mwisho alichonacho ili nimpe mama yangu.

Usiku ule nilimsikia akijigeuza kitandani mpaka nikapitiwa na usingizi.

Kilosa mpaka Kidete

Treni ilikuja, imechelewa kama ilivyoahidiwa. Tulipata viti upande wa mto. Njia nzima Choduraa aliweka paji la uso kwenye dirisha akiyatazama maji mekundu yakija upande wetu, mengi, yamebeba magogo na mabua. Abiria wa mbele yetu, mwanamume mmoja wa makamo, aliniuliza kama mgeni anaumwa. Nikasema amefiwa. Akamwambia, "Pole sana, dada," akatoa ndizi mbili mbivu kwenye mfuko wake, akampa. Choduraa akazipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa sijui atasema nini, na mimi ndiye ningekuwa mdomo wake.

Mama alikuwa amesimama nje ya nyumba, amejifunga khanga mpya. Choduraa alimwendea, akasema "Shikamoo, Mama" sawasawa kabisa, akaipitisha mikono yake chini ya mikono ya Mama. Mama hakuambiwa na mtu maana yake, lakini alijiegemeza. "Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Pole na yote."

Tulikula kwanza. Kwetu mgeni haulizwi jambo zito akiwa na njaa, na Mama aliitii desturi hiyo huku vidole vyake vikifinyanga tonge moja bila kulila. Vyombo vilipoondolewa akanigeukia. "Zaina, mwulize sasa. Mwanangu alikuwa anapanda nini?"

Nikamtazama wifi yangu. Nilikuwa tayari na mahindi yangu. Lakini yeye swali alilielewa kabla sijafasiri, akainuka, akamshika Mama mkono, akamtoa nje mpaka pale unapoonekana mto. Akaonyesha chini, kule Kilosa. Kisha akaupeleka mkono polepole dhidi ya maji, mkondo mzima, mpaka ukafika kwenye mlango wetu.

"Idi," alisema. "Choktaar men."

Nikafasiri, kwa sababu alikuwa amekwisha kuchagua. "Alikuwa anapanda mto, Mama. Wao wana neno la kwenda kwa kufuata maji yanakotoka. Alisema anakuja huku. Anakuja kwako."

Mama alikaa chini pale pale kwenye mchanga. Hakupiga ukelele. Alilia kimya, mkono mdomoni, na nikamsikia akilitaja jina la Idi kwa Kisagara chake, kama alivyokuwa akimwita akichelewa kurudi mtoni. Alipotulia akauliza swali ambalo nilikuwa nimeomba asiulize.

"Na kwa mkewe je? Ni wapi?"

"Kwake ni chini, Mama. Mto uendako."

Mama akainua macho akamtazama Choduraa kwa muda mrefu. Aliona sasa mgeni huyu amesafiri dunia nzima kuja kumpa kitu gani, na kwamba kwa kukitoa yeye alibaki mikono mitupu. Wifi yangu alikuwa amesimama wima. Nilikuwa nasubiri aseme kwa Kituva ili nifasiri. Badala yake aliyatafuta maneno yake machache ya Kiswahili, akayapanga moja moja.

"Mama. Idi amefika?"

Mama akamvuta, akamkalisha kando yake mchangani.

"Amefika, mwanangu," alisema. "Si umemleta wewe?"

Sikufasiri. Hapakuwa na haja.